Taa ilikuwa mkononi mwa nani?

Watanzania tukizungumzia mtu aliyefungwa bila hatia, neno la kwanza kutujia mdomoni ni kubambikiwa. Neno hilo lina mtu mbaya ndani yake: askari mwenye kisasi, jirani mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, mwenye nyumba anayetaka mpangaji aondoke. Watu hao wapo. Lakini ukisoma hukumu za Mahakama ya Rufani, zikiwemo zinazotolewa inapokuja kufanya vikao vyake Mwanza, utakutana mara nyingi na kesi ya aina nyingine ambayo mtaani haina hata jina. Mlalamikaji aliibiwa kweli, alikatwa panga kweli, akaapa na kusema anachokiamini kwa moyo wake wote, na mtu aliyemnyooshea kidole huenda usiku ule hakuwepo kabisa.

Shahidi mwongo hubanwa maswali akajikanyaga. Shahidi mkweli aliyekosea hajikanyagi, kwa sababu hana anachoficha. Akilia mbele ya hakimu, kilio chake ni cha kweli, na hakimu naye ni binadamu.

Marekani jambo hili wamelihesabu. Vyuo vikuu vya huko vinatunza rejesta ya kitaifa ya watu waliotiwa hatiani kisha wakasafishwa, kuanzia mwaka 1989. Hadi Agosti 2022 ilikuwa na watu wapatao 3,200. Weusi, ambao hawafiki asilimia 14 ya wananchi wote wa nchi ile, walikuwa asilimia 53 ya waliosafishwa. Kwa hesabu za rejesta hiyo, Mmarekani mweusi asiye na hatia yuko kwenye hatari ya kufungwa kimakosa kwa mauaji karibu mara saba kuliko mwenzake mweupe, na kwa ubakaji karibu mara nane.

Sehemu ya balaa hilo inaanzia machoni. Jicho huzoea sura lililokulia nazo, na sura za watu wa asili nyingine hulichanganya. Mama mweupe aliyeshambuliwa na kijana mweusi asiyemjua anaonyeshwa picha sita, anachagua moja kwa nia njema kabisa, na anakosea. Sehemu nyingine haina nia njema yoyote. Curtis Flowers wa Mississippi alishtakiwa kwa mauaji yale yale mara sita. Katika mashauri hayo sita, upande wa mashtaka uliwaengua weusi 41 kati ya 42 ambao ungeweza kuwazuia wasiingie kwenye jopo la raia wanaoamua kama mtu ana hatia. Mahakama Kuu ya Marekani ikaitengua hukumu mwaka 2019, na mwaka uliofuata mashtaka yakafutwa.

Sisi wa ukanda wa ziwa tunasoma habari hizo kama mambo ya wazungu. Huku rangi haitutenganishi, tunasema. Ni kweli, ila mashine ni ile ile, na huku chakula chake ni ugeni. Kambi za wavuvi za Ukara, Kome na visiwa vidogo vya Ukerewe na Buchosa zimejaa watu wa kuja: Mkerewe, Mjita, Msukuma wa bara, Muha aliyefuata dagaa. Injini ikiibwa usiku, asubuhi wa kwanza kuulizwa ni yule ambaye uongozi wa mwalo, yaani ufukwe wanaposhukia wavuvi, haumjui vizuri, aliyelala kambini wiki mbili, asiye na shangazi wala mjomba wa kusimama na kusema huyu alilala kwangu. Kumwuliza si kosa. Kosa linaanza pale ugeni wake unapogeuka kuwa ushahidi.

Marekani maelezo yanayoponza ni "kijana mweusi, mwili wa wastani". Yetu ni "mrefu wa wastani, maji ya kunde". Simama mwaloni Kirumba saa moja asubuhi uhesabu wangapi hawafanani na maelezo hayo.

Mwaka 1980, katika rufaa ya Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kutambua kwa macho ni wa aina dhaifu kuliko yote, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kufananisha uwe umeondolewa. Ikaweka maswali ambayo kila hakimu wa wilaya anayajua kwa kichwa. Shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Kwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na kama ni usiku, mwanga ulikuwa mzuri au hafifu? Aliwahi kumwona kabla ya siku hiyo? Hukumu zilizofuata zikaongeza kwamba haitoshi kusema "kulikuwa na taa". Taa gani, ilikaa wapi, ilimulika upande gani, na nguvu yake ilikuwaje.

Hapa ndipo majalada mengi yanapokufa, na yanakufa kwa uvivu wa mtu mmoja mwenye kalamu. Mlalamikaji amefika kituoni saa kumi na moja alfajiri, nguo zina damu. Askari anaandika: "Niliwatambua kwa mwanga wa taa." Sentensi moja. Hakuuliza kama ni balbu ya sola ya wati mbili iliyoning'inia sebuleni wakati tukio lilikuwa chumbani, au karabai iliyowekwa mezani hatua tatu kutoka mlangoni. Miezi minane baadaye, mahakamani, mlalamikaji anaulizwa na mwendesha mashtaka taa ilikuwaje, na anajibu kwa msaada wa kumbukumbu ambayo sasa imechanganyika na maneno ya majirani. Mwanga umekwishakuwa mkali.

Kuna taa moja inayodanganya kuliko zote, nayo ni tochi. Wanaovamia usiku huingia na tochi na kummulika mwenye nyumba usoni. Aliyemulikwa anaona duara jeupe, na nyuma yake giza. Bado utasoma kwenye maelezo: "nilimwona kwa mwanga wa tochi waliyokuwa nayo". Mahakama ya Rufani imelirudia hili kiasi cha kuchosha: aliyeshika tochi ndiye anayeona. Labda mwanga uligonga ukuta uliopakwa chokaa ukarudi, labda mmoja alimmulika mwenzake alipokuwa anavunja kabati. Hayo yanawezekana, lakini lazima yasemwe siku ile ya kwanza na yaandikwe hivyo. Yakiibuka kizimbani kwa mara ya kwanza, yanaonekana yamefundishwa.

Na mbalamwezi. "Kulikuwa na mbalamwezi" ni maneno yanayoandikwa bila mtu kutazama kalenda. Kwenye kambi ya dagaa hata kalenda haihitajiki. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa sababu mwezi ukiwaka, karabai haiwavuti tena. Siku zinazozunguka mwezi mpevu kambi nzima hupumzika, watu wanashona nyavu na kudaiana. Kwa hiyo shahidi akisema alivamiwa kambini saa nane usiku wakati wanaume wote wakiwa ziwani na karabai zao, kisha akaongeza kwamba mbalamwezi ilikuwa inawaka kama mchana, amesema mambo mawili yasiyokaa chombo kimoja. Mpelelezi aliyekulia ufukweni angelishika hapo hapo. Anayehamishiwa kutoka mbali hawezi kulijua, na hakuna anayemwambia.

Jambo la pili ni yowe. Usukumani mwano ukipigwa watu hutoka, sungusungu hutoka, mwenyekiti wa kitongoji hufika. Swali la kwanza wanalouliza ni "nani?" Jibu la dakika ile lina uzito kuliko maelezo yote yatakayoandikwa baadaye. Mahakama ya Rufani imeshikilia kwa miaka mingi kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema, pale anapopata nafasi ya kwanza, ndiko kunakomfanya aaminike. Na kuchelewa bila sababu kunatia shaka. Mlalamikaji aliyewaambia waliofika "sikuwajua", kisha siku ya tatu akalitaja jina, huenda amekumbuka. Huenda pia siku ya pili alikaa na shemeji zake wakapitia mmoja mmoja nani kijijini ana tabia hiyo.

Ajabu ni kwamba watu walioitikia yowe hawaandikwi maelezo. Polisi huandika maelezo ya mlalamikaji, mke wake, na askari aliyekamata. Mwenyekiti aliyefika kwanza akiwa na panga na tochi hana karatasi. Angeandikwa mistari mitano tu (alifika saa ngapi, alimkuta nani, aliambiwa jina gani au hakuambiwa), kesi nyingi zingejulikana mapema kama zina miguu au hazina. Tukumbuke pia kwamba bibi wa Magu au Kwimba alipiga kelele kwa Kisukuma, akaandikwa kwa Kiswahili, na kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 ushahidi wake kwenye mahakama ya wilaya uliandikwa kwa Kiingereza. Kila kivuko kina ushuru wake. "Nahisi ni yeye" huvuka ikawa "ni yeye".

Kama shahidi hakumjua mtu kabla ya tukio, dawa ni gwaride la utambulisho. Kanuni zake hapa kwetu zina mizizi kwenye kesi ya Mwango Manaa ya mwaka 1936, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ya enzi za wakoloni. Ni kejeli ya historia kwamba mahakama ya watawala, ndani ya mfumo uliomhukumu Mwafrika kwa sheria asizotunga, iliacha kanuni nzuri kuliko utekelezaji wetu wa leo. Mtuhumiwa apangwe na watu wasiopungua wanane wanaolingana naye kwa umri, urefu, umbo na hali ya maisha. Achague mwenyewe mahali pa kusimama, na baada ya kila shahidi aruhusiwe kubadili nafasi. Awe na haki ya kuwa na wakili au rafiki yake hapo. Anayepeleleza kesi asiwe ndiye anayeendesha gwaride. Mashahidi wasikutane, na aliyemaliza asirudi kuongea na anayesubiri.

Maneno "hali ya maisha" ndiyo yanayosahaulika. Chukulia mvuvi aliyekamatwa Jumatatu na kupangwa Ijumaa. Amelala mahabusu siku nne bila kuoga, mikono ina makovu ya kamba, ngozi imekauka kwa jua na maji, miguuni ana kandambili zisizofanana. Wanane wanaopangwa naye wameokotwa barabarani: dereva wa bodaboda, fundi simu, vijana wawili wa dukani waliopiga pasi mashati. Shahidi hahitaji kumkumbuka mtu yeyote. Anahitaji tu kutazama nani ametoka rumande.

Na siku hizi gwaride huharibika kabla halijaanza. Picha ya mtuhumiwa akiwa amekaa chini, mikono nyuma, inasambaa kwenye makundi ya simu jioni ile ile aliyokamatwa. Shahidi anaiona, anaionyesha kwa mumewe, anaitazama tena kabla ya kulala. Siku ya gwaride anamtambua mtu wa kwenye simu. Hakuna wakili atakayeithibitisha picha hiyo baada ya mwaka mmoja, na shahidi mwenyewe hatasema uongo akisema "namkumbuka vizuri": anamkumbuka kweli. Kama shahidi hakutoa wajihi wa mtu kabla ya gwaride (urefu ukilinganishwa na mtu anayemjua, kovu, jino, mwendo, sauti, lafudhi), gwaride hilo halina cha kupima. Na mtu mgeni kutambuliwa kwa mara ya kwanza akiwa amesimama kizimbani peke yake, huo ni utambuzi wa kiti, si wa mtu.

Kuhusu mali iliyokutwa nitakuwa mfupi, kwa kuwa penye kitu cha kushika kosa huonekana haraka. Kumkuta mtu na mali iliyoibwa karibuni kunaweza kumtia hatiani pale mambo manne yanapokaa pamoja: imekutwa kwake, imethibitika ni ya mlalamikaji, imeibwa karibuni, na ndiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. Injini ya mtumbwi ina namba yake kwenye kibano inapofungiwa. Mwenye mali aitaje namba hiyo au alama yake, kovu la kuchomelea au rangi aliyopaka, kabla hajaonyeshwa injini. Akionyeshwa kwanza, kila injini ya nguvu farasi 15 ni yake. Nyavu ni mbaya zaidi, maana zimetoka duka moja.

Inabaki maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mtuhumiwa huandikwa na polisi baada ya kuonywa. Sheria inampa polisi saa nne za kumhoji mtu tangu awe chini ya ulinzi, na anaweza kuongezewa muda usiozidi saa nane. Muda wa kumsafirisha hauhesabiwi, jambo lenye maana kubwa mtu akikamatwa Ukara na kupelekwa Nansio kwa mtumbwi. Maelezo yaliyoandikwa siku ya tatu bila nyongeza ya muda huondolewa kwenye kumbukumbu za kesi. Huondolewa vilevile yakipokelewa mahakamani bila kusomwa kwa sauti mshtakiwa akasikia. Wananchi wakisikia mtu ameachiwa kwa sababu hiyo, husema amehonga. Sishangai, kwa sababu hakuna anayewaeleza kwamba saa hizo nne ziliwekwa ili ungamo lisitokane na njaa na kipigo. Ila tuwe wakweli: rufaa inayoshinda kwa kanuni ya saa au ya kusoma nyaraka haisemi kama mtu ni mwema au mwizi. Asiye na hatia anatoka na doa, mwenye hatia anatoka akicheka, na aliyeibiwa harudishiwi chochote.

Kwa nini haya hayakamatwi mapema? Kwa sababu hakuna wa kuyakamata. Mshtakiwa wa mauaji hupewa wakili anayelipwa na serikali. Wa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa lisilo na dhamana na lenye adhabu isiyopungua miaka 30, kwa kawaida husimama mahakama ya wilaya peke yake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha iliamua Novemba 2015, katika shauri la Alex Thomas, kwamba kumwacha mtu wa namna hiyo bila msaada wa kisheria ni kukiuka haki yake ya kusikilizwa. Mwaka 2017 tukapata Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayomruhusu hakimu kuelekeza mshtakiwa apatiwe msaada. Novemba 2019 serikali ikatoa notisi ya kujitoa kwenye tamko lililowaruhusu watu binafsi kupeleka malalamiko moja kwa moja Arusha, na mlango huo ukafungwa mwaka uliofuata. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi mbaya, na waliobebeshwa gharama yake wako Butimba na magereza mengine, hawako ofisini.

Hata hivyo wakili wa bure si kinga peke yake. Anthony Ray Hinton, mweusi wa Alabama, alikaa karibu miaka 30 akisubiri kutekelezewa hukumu ya kifo kwa mauaji, hadi alipoachiwa Aprili 2015. Ushahidi ulikuwa risasi zilizodaiwa kutoka kwenye bastola ya mama yake. Wakili aliyepangiwa aliamini kwamba sheria inamruhusu dola 1,000 tu kumlipa mtaalamu, akamchukua aliyepatikana kwa bei hiyo, mtu mwenye jicho moja, ambaye mahakamani alichekwa. Kikomo hicho kilikuwa kimekwishafutwa. Wakili hakuwa ameisoma sheria.

Huku nyumbani asiye na wakili anabaki na siku zake za kuhesabu: siku 10 tangu hukumu kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu, kupitia mkuu wa gereza, siku 45 kuwasilisha sababu za rufaa, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala, na siku 30 za notisi akitaka kwenda Mahakama ya Rufani. Wafungwa wazoefu wanazijua kuliko mahakimu wengine. Lakini rufaa husoma kilichoandikwa tu, na silaha moja kubwa ya mshtakiwa hupotea kabla ya hapo, siku mlalamikaji anapotoa ushahidi.

Silaha hiyo ni maelezo ya kwanza ya mlalamikaji, yale ya saa kumi na moja alfajiri. Kama mahakamani amesema taa ilikuwa kali na jina alilitaja usiku ule ule, wakati kituoni aliandika "watu nisiowajua", mshtakiwa anaweza kuyatumia, ila kwa mpangilio. Kwanza aiombe mahakama maelezo hayo yaletwe. Kisha amwulize shahidi kama aliandikisha maelezo polisi na kama saini ni yake. Asomewe sehemu ile inayopingana, si karatasi nzima, na apewe nafasi ya kueleza. Halafu aombe maelezo yapokelewe kama kielelezo chake cha utetezi, yapewe namba, na yasomwe. Wengi huishia kwenye swali la kwanza, shahidi anakana, hakimu anaandika "amekana", na karatasi inarudi kwenye jalada la polisi. Ikisharudi huko bila namba, majaji watatu wa Rufani wanaweza kukaa Mwanza wiki nzima na wasiione.